JE, PINGU ZITAMPONYA TEJA?

Kijana, karatasi hii umepewa bure. Usiifungie karanga kabla hujaisoma! Labda umekuja uwanjani kwa ajili ya muziki. Labda ulikuwa unapita tu kuelekea kituoni. Labda umekaa kule nyuma ya ukuta na washikaji zako, na sisi tunajua kule nyuma ya ukuta kuna nini. Wewe ndiye hasa tuliyekuandikia. Hatukuulizi dini yako, wala hatukuulizi mara ya mwisho uliingia lini kanisani, hata kama ilikuwa ni arusi ya dada yako na ukaishia kwenye pilau.

Tunataka kuongea na wewe habari ya unga. Heroini, brauni, ngada, uite upendavyo. Kuna swali linabishaniwa sana na wewe mwenyewe umelisikia: mtu anayetumia dawa za kulevya afungwe, au sheria imwache? Na sheria ikimwacha, atapona kwa njia gani? Wengine wanasema, "Wafungwe wote, wametuibia mno!" Wengine wanasema, "Ruhusuni tu, mbona Ulaya wameruhusu?" Wanabishana hivyo, na mgonjwa yuko chini hajatazamwa na mtu. Hebu sisi tumtazame.

MTU WA MAKABURINI

Katika Injili ya Marko sura ya 5 kuna mtu aliyeishi makaburini, ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Wagerasi. Biblia haitaji umri wake, lakini mimi kila nikimsoma namwona kijana. Usiku na mchana alipiga kelele na kujikatakata kwa mawe. Je, watu wa mji walimfanyia nini? Walimfunga! Walimfunga kwa pingu na kwa minyororo, na Marko anaeleza kwamba hawakumfunga mara moja, walimfunga mara nyingi, na kila mara aliikata. Hatusomi popote kwamba mzee mmoja wa mji ule alikaa akajiuliza, "Jamani, tumefunga mara ngapi sasa? Mbona haponi?" Minyororo ilikatika, wakatafuta mingine.

Sasa toka kwa Wagerasi, njoo Manzese. Njoo Tandika, njoo Magomeni. Polisi wanafanya msako, wanazoa vijana kijiweni, mmoja ana kete mfukoni, mwingine hana kitu ila bomba la sindano. Wanapandishwa kwenye karandinga. Mahabusu, mahakamani, gerezani. Baada ya muda anatoka, na haipiti juma yuko kijiwe kilekile. Anazolewa tena. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015, ile iliyochukua nafasi ya sheria ya 1995, kuuza ni kosa, kukutwa nayo ni kosa, na kutumia pia ni kosa. Basi kijana anafungwa kwa kuuguza kitu kile kile kilichomfunga kabla polisi hawajafika. Aliyeuleta mzigo ule kwa jahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistani, siku ya msako hakuwepo kijiweni. Hajawahi kukaa kijiweni hata siku moja.

UNGA UNAFANYA NINI MWILINI?

Mungu alipomwumba binadamu aliweka ndani ya ubongo dawa ya maumivu. Ukiumia mpirani na bado ukamaliza mechi, ni hiyo. Ukilia ukiwa mtoto, mama akakubeba ukatulia, ni hiyo. Unga unakuja na kukalia kiti cha dawa hiyo. Siku za kwanza ni raha, hatuwezi kukudanganya. Kusingekuwa na raha, nani angerudi mara ya pili? Lakini ubongo ukiona kiti kimekaliwa kila siku, unaacha kuhangaika. Unazoea. Baada ya wiki kadhaa za kila siku, ile raha imekwisha. Unatafuta elfu mbili, elfu tatu, unaiba taa za magari, unauza simu ya mdogo wako, ili tu ufike pale ambapo jirani yako asiyetumia ameamka yupo, bure, bila kulipa senti.

Ukikosa, arosto! Wewe unayeijua huna haja ya kuelezwa. Lakini yuko mwenzako anavuta kokteli, unga kidogo ndani ya msokoto wa bangi, anadhani bado anacheza. Huyo ndiye tunayemweleza. Zikipita kama saa 8 mpaka 12 tangu kete ya mwisho, miayo inaanza. Pua na macho vinatiririka. Unatoka jasho na huku unatetemeka kwa baridi, vinyweleo vimesimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mifupa inauma, tumbo linaharisha, usingizi haupo. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Baada ya juma moja, au siku kumi hivi, mwili unatulia.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wazazi, polisi, na sisi wahubiri pia tumo. Mwili ukitulia tunapiga makofi, "Amepona!" Tunampa maiki atoe ushuhuda! Kumbe ile kiu haijafa, imelala tu, na inaweza kulala miezi, hata miaka. Siku moja anapita kichochoro kile, anakutana na rafiki mmoja wa zamani, anasikia kiberiti kikichanwa, na kichwa chote kinaamka. Ndiyo maana madaktari wanauita huu ugonjwa, tena ugonjwa wa kurudi-rudi, kama pumu, kama kisukari. Mwenye kisukari sukari ikimpanda hatumpeleki mahabusu.

SIKU YA KUTOKA NDIYO YA HATARI

Utasema, "Lakini mchungaji, akiwa ndani si angalau hatumii?" Haya, tukubali hatumii, ingawa wafungwa wenyewe wanajua kwamba kuta za gereza zina matundu. Amekaa miezi sita. Mwili umesahau unga. Kichwa hakijasahau. Siku ya kutoka anaenda maskani, anachukua kipimo chake cha zamani, kile alichokizoea, anajidunga. Unga unashuka mpaka kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi na kuiambia ilale. Pumzi inakuwa moja, kimya, nyingine, kimya kirefu. Basi. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha jambo hilohilo: majuma mawili ya kwanza baada ya kufunguliwa ni ya kifo kwa mtumiaji kuliko karibu wakati wowote mwingine. Na si gereza peke yake. Anayetoka kwenye nyumba ya upataji nafuu, hizi mnazoita soba, na anayetoka kwenye kambi ya maombi ya siku arobaini, wote mwili wao umesahau vilevile.

Tena ona jambo jingine. Usiku ule alipoanguka hakuwa peke yake. Walikuwepo wenzake watatu. Walimmwagia maji, wakampiga makofi, mmoja akaenda kutafuta maziwa. Halafu wakakimbia. Je, ni watu wa roho mbaya? Hapana, ndugu! Walilala naye kwenye boksi moja. Waliogopa kwamba wakimbeba mpaka hospitali wataulizwa, "Na ninyi mlikuwa mnafanya nini?" Waliogopa pingu. Kijana wa miaka ishirini na mbili amekufa kwa sababu marafiki zake waliogopa pingu.

Kwa hiyo, kabla hatujaendelea, shika hili hata kama ukitupa karatasi yote. Mwenzako akikoroma mkoromo usio wa kawaida, midomo na kucha zikigeuka rangi, ukimwita haitiki, ule si usingizi. Achana na maziwa. Mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni, mkimbize hospitali, na uwaambie ukweli wauguzi ametumia nini, maana iko dawa iitwayo naloksoni inayoweza kuuondoa unga kwenye kile kiti na kumrudishia pumzi. Hata akizinduka asiondoke, kwa sababu naloksoni huisha nguvu mapema na unga bado umo. USIMKIMBIE.

MAMA ANA HAKI YA KULALAMIKA

Najua yuko mama atakayeiokota karatasi hii mfukoni mwa mwanawe, ataisoma na kusema, "Huyu mhubiri hajaibiwa. Mimi wamebaki kuniibia mlango tu. Afadhali afungwe nipate usingizi." Mama, hatukulaumu. Umeuza kitenge ukamtoa polisi, akarudi akauza sufuria. Mwizi ni mwizi. Aliyemwibia jirani anapaswa kulipa, na Zakayo alipookoka alisema mwenyewe kwamba atarudisha mara nne. Hatusemi sheria ifumbie macho wizi kwa sababu mwizi alikuwa na arosto.

Tunachosema ni kingine. Mtu asifungwe kwa sababu ya ile kete peke yake, ile ya kutuliza mifupa yake. Mama unataka vitu viwili: usingizi, na mwanao akiwa hai. Gereza linakupa cha kwanza kwa miezi sita, na siku ya kumtoa linakuwekea cha pili rehani.

NCHI MBILI

Wale mnaosema "Ulaya wameruhusu", ngojeni. Nchi inayotajwa sana ni Ureno, walewale waliowatawala jirani zetu wa Msumbiji. Miaka ya 1990 ilipokuwa inaisha, nchi ile ya watu kama milioni 10 ilikuwa na watumiaji wa heroini wanaokadiriwa kufika 100,000. Karibu kila ukoo ulikuwa na mgonjwa. Tarehe 1 Julai 2001 ilianza sheria mpya. Je, waliruhusu unga uuzwe dukani? La hasha! Ni marufuku mpaka leo, na muuzaji anakwenda jela. Kilichobadilika ni kwamba anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hapelekwi mahakama ya jinai. Kete inachukuliwa, naye anaitwa mbele ya kamati ndogo, kuna mtu wa sheria, kuna mtu wa afya, kuna mtu wa ustawi wa jamii. Wanamwuliza maisha yake. Mgonjwa wanamwonyesha njia ya matibabu, na matibabu yapo, kwa sababu serikali ilijenga huduma hizo wakati uleule ilipobadilisha sheria. Mwaka 2001 waliojidunga na kugundulika upya kuwa na virusi vya UKIMWI walizidi 1,000. Miaka iliyofuata namba hiyo ilishuka mpaka chini ya 100 kwa mwaka. Unga haukuisha Ureno, asikudanganye mtu. Lakini waliokuwa wanazikwa wakaanza kutibiwa.

Sasa vuka bahari uende Marekani, jimbo la Oregon. Novemba 2020 wananchi walipiga kura, na kuanzia Februari 2021 aliyekutwa na kiasi kidogo hakufungwa tena. Aliandikiwa karatasi ya faini ya dola 100, na faini ingefutwa kama angepiga simu fulani akaongea na mtu wa afya. Unajua waliopiga? Wachache mno! Wengine walizitupa karatasi zile palepale barabarani. Fedha za matibabu zilichelewa kufika, na wakati uleule dawa mpya ya kutisha, fentanili, ilikuwa inaingia jimboni. Watu walikufa, wengine wakalala kwenye njia za miguu mchana kweupe, wananchi wakachoka. Tarehe 1 Septemba 2024 ikawa jinai tena.

Unaona tofauti? Oregon walifungua minyororo wakamwacha mtu palepale makaburini. Ureno walimfungua na kumpa mahali pa kwenda. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kama mhubiri, kama sheria imwache mtumiaji, nitasema ndiyo, imwache atoke mikononi mwa polisi, ila imkute daktari mlangoni. Kama hakuna daktari mlangoni, mmemhamisha tu kutoka kaburi moja kwenda jingine. Na kufungua duka la unga hapana! Hilo sitalisema hata mkinipa uwanja mzima.

(Bangi je? Najua umeuliza. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba mwaka 2018 iliondoa jinai kwa mtu mzima anayeitumia faraghani mwake. Kwetu bado ni kosa. Lakini kijana, wewe unayenibishia habari ya bangi kwa dakika ishirini, mbona leo unatafuta ile yenye unga ndani?)

WENYE NGURUWE

Rudi kidogo kwa Marko 5. Mtu yule alipofunguliwa, mji haukufanya sherehe. Walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu, nao wakamsihi Yesu aondoke nchini mwao! Kwa nini? Nguruwe wapatao 2,000 walikuwa wametelemka gengeni na kuzama ziwani. Mtu mmoja alipopona, biashara ya watu wengine ilikufa.

Hata leo wako wenye nguruwe. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi kwenye maji ya mbali ya pwani ya Afrika Mashariki, ndani yake zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Jahazi moja! Hesabu mwenyewe hizo ni kete ngapi, na ni mama wangapi waliobaki bila sufuria. Huko ndiko upanga wa serikali unakotakiwa. Paulo anawaambia Warumi katika sura ya 13 kwamba mtawala haubebi upanga bure. Baktash Akasha wa Mombasa alihukumiwa miaka 25 huko New York mwaka 2019, na hapo sisi hatukulia. Tunalia upanga unapoinuliwa juu ya mtu mwenye kilo arobaini na tano, vidonda mikononi, anayeokota chupa za plastiki.

Na neno moja kwa sisi wa kanisani, maana hukumu inaanzia nyumbani mwa Mungu. Vile vipande thelathini vya fedha Yuda alipovirudisha, hata makuhani waliomnunua Bwana walikataa kuvitia kwenye sanduku la hazina. Sisi je? Akija mtu na bahasha nene ya ujenzi, tunauliza imetoka wapi, au tunamketisha kiti cha mbele?

DAWA NA MAOMBI

Sasa tufike kwenye tiba, maana hapa pana uongo mwingi na uongo huu unaua.

Kwa mtumiaji wa unga iko dawa inayoitwa methadoni. Hapa Tanzania kliniki ya kwanza ya serikali ilianza Hospitali ya Muhimbili Februari 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani, kama Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Kwa ndugu zetu wa Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwaka 2014, na Malindi 2015. Unainywa kwa mdomo mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Inakalia kile kiti cha ubongo polepole na kukaa kutwa nzima, hivyo arosto haiji, na ukipata kipimo sawasawa hulewi. Unatoka pale unakwenda kutafuta kazi. Sindano umeachana nayo, na pamoja na sindano umeachana na mlango mkubwa wa UKIMWI na homa ya ini. Dada zetu wanaouza miili yao kwa ajili ya kete, hata mwenye mimba, wanapokelewa. Mwenye mimba ndiye kabisa asijikatie unga ghafla nyumbani, aende kliniki, maana arosto kali yaweza kumdhuru na mtoto tumboni.

Vijiweni wanaiita unga wa serikali. Wanasema, "Umetoka kwa bwana mmoja umekwenda kwa mwingine." Mimi nawauliza, bwana gani huyo anayekuruhusu kurudi nyumbani kwa mama yako, kunenepa, kulea mtoto? Wengine hupunguziwa kidogokidogo mpaka wanaacha. Wengine huinywa miaka mingi. Kaka yangu, kunywa dawa miaka mingi si dhambi. Ila usiichanganye na pombe wala vile vidonge vya usingizi, mchanganyiko huo unazima pumzi kama unga wenyewe. Na ujue methadoni ni ya unga na jamii yake tu. Wa kokeini na wa bangi wanatibiwa kwa ushauri nasaha, kwa kukaa na watu, kwa muda.

Na hapa sikiliza vizuri sana. Wako watu wanaowaambia vijana, "Umeshaombewa, tupa methadoni, ukinywa unaonyesha huna imani!" Kijana anaitupa. Siku ya tatu arosto inampiga, anaona aibu kurudi kliniki, anaona aibu zaidi kurudi kanisani, anarudi mahali pekee pasipo na aibu, maskani. Unajua inavyoishia, tumeshaieleza.

Soma 2 Wafalme sura ya 20. Mfalme Hezekia aliugua akawa wa kufa. Akageukia ukutani, akaomba, akalia sana. Mungu akamjibu kupitia nabii Isaya kwamba amesikia maombi, ameona machozi, atamponya. Imekwisha, si ndiyo? Mungu amesema! Lakini yuleyule Isaya, akiwa na neno la Bwana bado mdomoni, akaagiza waletewe mkate wa tini, wakaubandika juu ya jipu. Basi nabii alikosa imani? Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Tunakuombea, tena kwa sauti kubwa, na kesho asubuhi unakwenda kunywa dawa yako. Siku ya kupunguziwa daktari atasema. Mwenye kukukataza tumwulize kama miwani yake ameivua.

Kuna nyumba nyingine, za waganga na hata za maombi, wanawafunga vijana kwa minyororo mpaka arosto iishe. Wanadhani wanamsaidia Mungu. Wamesoma Marko 5 wakachagua kuwa upande wa wale wa mjini!

Msamaria wa Luka 10 alimkuta mtu kando ya barabara ya Yeriko ameachwa nusu mfu. Hakumwuliza, "Usiku ule ulikuwa unatafuta nini njia hii?" Kuhani na Mlawi walikuwa wamekwisha kupita, labda wakiomba kimoyomoyo. Msamaria alimwaga mafuta na divai penye majeraha, akamfunga vitambaa, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni akamwuguza usiku kucha. Asubuhi akatoa dinari mbili, akasema kikizidi atalipa akirudi. Dawa, usafiri, malazi, fedha, na ahadi ya kurudi! Methadoni kwetu inatolewa bure. Ila kliniki ni kila siku, Jumapili imo, na kutoka Mbagala mpaka hospitali na kurudi ni nauli. Ulizeni wauguzi, vijana wengi wanaacha dawa kwa kukosa nauli. Basi dinari mbili za leo ni nauli ya daladala, kila siku, kwa miezi. Kanisa lenye spika za mamilioni lisiseme halina.

KIJANA, JINA LAKO NANI?

Yesu aliposhuka mashuani hakuanza na minyororo ya yule mtu. Alimwuliza jina lake. Wewe jina lako si Teja. Teja ni jina ulilopewa na wanaokukimbia. Kuna jina mama yako alikuita siku ulipozaliwa, na Yesu analijua hilo.

Hatukuahidi kwamba ukisema sala ya dakika moja kiu itakufa leo usiku. Wako iliyowafia papo hapo, na tunamsifu Mungu. Wengi zaidi wameinuka, wakaanguka, wakainuka, na Bwana hakuhesabu. Ukianguka usiache kuja. Ukianguka usiache dawa. Yule mtu wa makaburini alitaka kupanda mashua amfuate Yesu, lakini Yesu alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Nyumbani, kwa walewale aliowaibia usingizi miaka yote.

Kama unataka, sema haya kwa maneno yako, hata ukiwa umekaa chini, hata ukiwa umelewa sasa hivi: Bwana Yesu, nimefungwa na watu na nimejifunga mwenyewe, na yote mawili sijapona. Nisamehe niliyowatenda nyumbani. Nishike mkono mpaka kliniki. Nikianguka, nitafute tena. Amina.

Kesho amka mapema, arosto haijaanza kukusumbua. Usiende peke yako. Pale hospitali uliza kliniki ya methadoni. Watakuandikisha, watakupima, na huenda wakakutaka uhudhurie vikao kwanza kabla hujaanza kunywa dawa. Usikasirike, usiondoke. Na kama huna mtu wa kwenda naye, wala huna nauli, usitafute mahali pa kuiba. Mtafute sasa hivi aliyekupa karatasi hii, bado yuko uwanjani, umwambie jina lako na mahali unapolala.